Sauti Iliyoitwa Takataka

Tabuleti hii naitunza kwa sababu moja: imehifadhi sauti ya dada yangu akitaja miti inayotenga shamba letu na la jirani, huko kwetu Ukambani. Sisi wawili hatukusoma, na yeye sasa amesahau hata jina langu.

Jumapili, hapa nyumbani Njiru, wewe mjukuu wangu unayeniandikia uliitia programu ya kuilinda na kuisafisha. Kioo kikageuka chekundu.

“Inasema imejaa takataka, Nyanya. Nibonyeze isafishe?”

“Takataka gani? Nisomee zote.”

“Ni nyingi, tutakesha hapa.”

“Basi tutakesha.”

Ulisoma ukinung’unika hadi ukafikia sauti ya dada yangu. Ilikuwa imehesabiwa miongoni mwa taka, eti kwa kuwa ni ndefu na haijafunguliwa kwa muda mrefu.

Nilikuamuru uiondoe programu hiyo. Nambari ya siri ya kufungulia tabuleti ibaki, kwani wezi tunao mtaani. Lakini mfagiaji asiyejua cha kutupa na cha kuweka simtaki nyumbani mwangu. Kisha tukaisikiliza sauti yote, nipate kuhakikisha kwamba hakuna mti uliopotea.