Skrini Iliyohamishiwa Ifo

Mwaka 1999 binti yangu Ilwad alipata kazi ya kuchapa katika ofisi moja ya chanjo za mifugo hapa Garissa. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya kujaribiwa, na mimi ndiye niliyekonda. Nilisoma hadi darasa la nne tu, na yeye alijifunza kompyuta wiki sita tu, Nairobi. Ilwad ni mwepesi wa kucheka na wa kusahau kula, kwa hiyo kila siku saa nne asubuhi nilitoka nyumbani, mtaa wa Galbet, na chupa ya chai. Chai ilikuwa kisingizio. Nilikwenda kumchunga.

Kompyuta yake ilikuwa na skrini mbili, bega kwa bega. Kushoto aliandika barua, kulia aliweka orodha ya vijiji vya kuchanjiwa mbuzi. Watu walipita kuzitazama kama mapacha.

Siku ya mwisho ya majaribio nilikuta pacha wa kulia hayupo. Alfajiri gari lilikuwa limempeleka ofisi ya kambi ya Ifo. Na Ilwad hakuwa akicheka.

"Hooyo, mama yangu, orodha imepotea," akaninong'oneza. "Naifungua, naona jina lake hapa chini, lakini yenyewe haitokei. Gari la kwenda Balambala linaingoja, linaondoka adhuhuri. Nikishindwa, kazi sina."

Hanad, karani wa meza ya pili, akadakia: "Imepanda gari na skrini yake! Eedo, shangazi, tuletee ngamia tuifuate."

"Kunywa chai wewe," nikamwambia, "mdomo upate shughuli."

Nikasimama nyuma ya Ilwad. Alisukuma kipanya kushoto. Ule mshale mdogo ukagonga ukingo, ukasimama. Akausukuma kulia; ukapita, ukatoweka. Akauvuta, ukarudi.

"Rudia," nikasema. Ukafanya vilevile. "Kushoto kuna ua. Kulia pako wazi. Mshale unakwenda wapi?"

"Huko hakuna kitu, Hooyo."

"Wewe unajua hakuna. Kompyuta imeambiwa?"

Nikamkumbusha mbuzi wetu mweupe. Tulipohama na kubomoa boma, kila jioni alirudi kulala penye majivu ya zamani. Sisi tulilia amepotea, yeye anajiona yuko nyumbani.

Ilwad akanikodolea macho. Kisha akachomoa daftari lake la Nairobi, akapitisha kidole. "Kuna njia ya kulisogeza dirisha kwa vitufe," akasema. Akabonyeza viwili pamoja, kisha herufi M, kisha akashikilia kitufe cha mshale wa kushoto. Bado. Hanad akaanza kuhesabu kwa sauti. Mimi nilikuwa nimeshafika katikati ya dua, mara ukingo wa orodha ukachungulia kulia, kama pua ya mbuzi mlangoni.

"Usimwachie!" nikapiga kelele. "Mswage!"

Abdiwali, mkubwa wa ofisi, akatoka mbio chumbani kwake. "Kuna nini?"

"Eedo anaingiza mbuzi kwenye kompyuta," Hanad akasema.

Abdiwali akaangalia orodha inavyotoka kwenye printa, ukurasa kwa ukurasa, mpaka dereva akaichukua. Adhana ya adhuhuri ilikuwa bado.

"Ilwad, Jumatatu njoo na kitambulisho," akasema. "Tukuandikie barua ya kazi."

Nikabeba chupa yangu. Mlangoni nikageuka, moyo haukutulia. "Na ule ua wa kulia?"

Ilwad alikuwa ameshaanza kucheka. "Nimeufunga, Hooyo. Nimeiambia kompyuta tumehama."