Kipengele Alichokifungua Viateur

Viateur Twagirimana alizaliwa Karagwe, Tanzania, akaja Gisenyi akiwa kijana, na kwa kazi ya seva hakuwa na mpinzani mjini. Yeye mwenyewe alihakikisha watu wanalijua hilo. Aliajiriwa na zahanati ya binafsi karibu na Grande Barrière, kituo cha mpaka wa kwenda Goma, yenye seva mbili, moja mpya na nyingine kuukuu. Ndani ya seva hizo zilikaa mashine pepe, yaani kompyuta zinazoundwa kwa programu tu, kila idara na yake. Umeme ukisumbua upande mmoja, mashine pepe huhamishiwa upande wa pili ikiwa kazini, pamoja na kila kitu ambacho prosesa ilikuwa imekishika wakati huo.

Ndiyo maana kiini cha mfumo, ile programu kuu ya seva, huzificha mashine pepe vipengele vya prosesa mpya ambavyo ile ya zamani haina. Viateur aliona huo ni ubahili tu. Akaingia kwenye kiini, akaifungulia mashine ya picha za eksirei kipengele kimoja cha seva mpya, rejista pana ambamo prosesa hushika data nyingi kwa mara moja. Picha zikawa zinafunguka upesi, daktari akamsifu, naye akavimba kichwa.

Alhamisi umeme ulisumbua. Mashine ya picha ikahamishiwa seva kuukuu, ikafika na mzigo usio na pa kuwekwa, ikafa papo hapo na picha za asubuhi nzima. Wagonjwa wakaitwa kupigwa picha upya. Viateur alijua sababu kabla hata hajafungua kompyuta.

Kwenye kikao mkurugenzi aliuliza nani aligusa nini. Kaltumu, fundi wa eksirei, alisema yeye ndiye aliyekuwa akifungua picha wakati ule. Macho yote yakamgeukia. Viateur akatazama viatu vyake. Kaltumu akaondolewa chumba cha eksirei, akapelekwa mapokezi kugawa namba za foleni. Jioni Viateur alikifunga kile kipengele kimyakimya, kama mwizi anayerudisha sufuria.

Jumapili Kaltumu alikuja kwake na sahani ya sambusa iliyofunikwa kitambaa, maana kwao mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu.

"Viateur, mi niliharibu mashine yako. Unisamehe."

Viateur alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamwambia ni yeye mwenyewe aliyeiharibu, akaeleza yote, hata zile sifa alizozipokea, na kwamba kesho atamwambia mkurugenzi.

Kaltumu alisikiliza mpaka mwisho. "Siku ile kwa réunion ya mkurugenzi, we ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, dada."

Hakumtukana. Alifunua sahani, akaisogeza mbele yake.

"Kula, basi. Mama aliamuka mapema kukupikia."