Mafuta kwenye Paji la Gari

Gari langu lilikuwa na sauti ya mwanamke. Kila nilipoliwasha alinisalimu kwa Kijapani, kwa upole wa mtu anayepokea wageni hotelini, kisha akatamka sentensi ndefu ambayo hadi leo sijui maana yake. Kaka yangu mkubwa alilinunua likiwa limekwisha tumika huko kwao Wajapani. Lilishuka melini Dar es Salaam, likavuka Zambia, likatufikia Lubumbashi na usukani upande wa kulia na maandishi kwenye kioo cha dashibodi ambayo hakuna mtu mjini aliyeweza kunisomea. Kaka alipohamia Kanada aliniachia mimi, msichana aliyetoka chuo kikuu na shahada ya falsafa na maswali mengi kuliko kazi.

Lilikuwa jeep nyeusi, ndefu, viti vya ngozi vya rangi ya maziwa. Watu walidhani ninastarehe. Hawakujua kwamba mlango wa nyuma ulijifungua wenyewe nikipita na ufunguo mfukoni, au kwamba katika soko la Kenya, mtaa wa papo hapo mjini, ambako bega la mtu haliachani na bega la mwenzake, vifaa vya kupimia umbali vilipiga kelele pande zote nne kana kwamba tumevamiwa. Askari wa barabarani walikuwa na swali moja tu.

“Motokari ya nani hii, maman?”

“Yangu.”

“Ya bwana yako?”

“Sina bwana. Ni yangu.”

“Ah. Basi ya baba.”

Mama yangu ndiye pekee aliyempenda yule mwanamke wa ndani ya gari. Alikaa kiti cha nyuma, akapanga kitambaa cha kikwembe chake magotini, na akisalimiwa alijibu: “Aksanti, mama.” Mjomba, mdogo wake wa mwisho aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, alijifanya mkalimani. “Anasema ufunge mukanda, yaya. Anasema pia umepunguza mwili.”

Kiangazi kilichopita simu ilitoka Kasomeno, kijijini kwao mama. Dada mkubwa wa mama amefariki. Mama alikuwa amebebwa na dada huyo mgongoni kabla ya kubebwa na mtu mwingine yeyote anayemkumbuka, na hakulia mbele yetu. Aliomba kitu kimoja tu: amwone uso kabla sanduku halijafungwa. Kule hakuna chumba cha kuhifadhia maiti. Walisema watamngoja asubuhi ya kesho yake, lakini mchungaji akifika, watafunga.

Jioni hiyo kikundi cha sala cha mama kikaja uani kwetu Ruashi kubariki safari. Nilisimama kando, mikono kifuani. Kiongozi wao alimimina mafuta ya zeituni kwenye kila gurudumu, akapaka usukani, kisha akaenda mbele na kulitazama gari kama mtu anayetafuta uso wake. Akachagua nembo iliyo katikati ya grili.

“Hapa njo paji,” akasema, akimaanisha ndilo paji la uso wa gari, na akamimina yaliyobaki yote. Waliitikia amina. Mimi nilifikiria viti vyangu vya rangi ya maziwa na mikono ile yenye mafuta.

Tuliondoka asubuhi, mjomba mbele pembeni yangu, mama nyuma. Njia ya kwenda Kasenga, inayopita Kasomeno, ilikuwa inatengenezwa, na kila baada ya kipande cha lami tulisukumwa kwenye mchepuko wa udongo mwekundu nyuma ya malori, vumbi likiwa zito kiasi kwamba niliwasha taa mchana. Mama alishika simu kwa mikono miwili. Shangazi mmoja alikuwa akituarifu kutoka kule. Wameosha mwili. Wameuvisha. Mchungaji bado.

Tulikuwa tumerudi kwenye lami, barabara tupu mbele yetu, hakuna mbuzi wala baiskeli, gari lilipopiga kelele. Taa nyekundu ikawaka. Yule mwanamke akasema neno moja, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na breki zikajikamata zenyewe. Mikanda ilitubana. Nyuma yetu lori lililobeba shaba lilipiga honi ndefu, likayumba, likatupita karibu sana hata nikaona kutu ya mnyororo wake.

“Umekanyaga nini?” mjomba akauliza.

“Sikukanyaga kitu.”

“Kwani uliona nini?”

“Hakuna kitu.”

Nikaondoa gari. Mwendo mfupi tu, likafanya tena. Neno lile lile, breki zile zile. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha shika usukani kama mtu anayeshika mkono wa mwizi. Nilibonyeza kila kitu kwenye kioo cha dashibodi. Redio ikawaka, kiti changu kikasogea nyuma, maandishi yakabadilika kuwa maandishi mengine. Breki hazikubadilika.

“Anasema nini?” mama akauliza.

Mjomba hakutania. “Sijue, yaya.”

“Miye najua. Anaona kitu. Siye hatukione, yeye anakiona.” Alikuwa anatazama mbele katikati ya viti vyetu, pale pale gari lilipokuwa linatazama. “Ni yaya yangu. Anasimama mu barabara. Anakatala nifike.”

“Mama, hiyo ni mashine.”

“Mashine inaweza kuona bure?”

Kwa muda wote ule nilikuwa nikikodoa macho kwenye lami tupu, mguu ukiwa tayari, nikitafuta kitu kwa sababu mashine ilisema kipo. Mimi niliyesimama kando uani jana yake, mikono kifuani.

“Aligombana na weye?” mjomba akauliza kwa sauti ya chini.

“Hapana. Aliniita mara mingi, nikasema nitakuja. Nilisema tu nitakuja.” Akafunika simu kwa kiganja. “Mugeuze motokari. Kama anakatala, sitaenda kumulazimisha mbele ya batu.”

Simu ikalia mkononi mwake. Mchungaji amefika.

Nikaegesha kando, nikashuka. Sikuwa na mpango. Nilizunguka gari kwa sababu kukaa ndani nisingeweza, na nilipofika mbele nikaiona sababu. Vumbi lote la michepuko ile lilikuwa limepata mahali pa kushika. Nembo haikuonekana tena. Pale palikuwa na kitumbua chekundu cha udongo, kinene, kinachong'aa kingoni kwa mafuta. Na nikakumbuka sauti ya kaka kwenye simu, miezi mingi nyuma, akinionya nisibandike kitu juu ya nembo kwa sababu jicho la gari, lile linaloshika breki likiona kitu mbele, liko nyuma yake.

Jicho. Walikuwa wamelipaka jicho.

Nilichukua kitambaa cha kufutia vioo. Kabla sijagusa, mlango wa mama ulifunguka.

“Usifute!” Mama alikuja akishikilia grili kwa mkono mmoja, pumzi ikimkatika. “Hiyo njo iko inatulinda.”

“Mama, hiyo ndiyo inatusimamisha. Gari halioni. Kuna udongo hapa, linafikiri ni ukuta.”

“Na lori? Lori haikutugonga kwa sababu ya nini?”

“Lori lilitaka kutugonga kwa sababu ya hii!”

“Lakini haikugonga.”

Mjomba alitoka, akasimama upande wa barabara akipunga mkono kwa malori yatupite mbali. “Mwipwa,” akaniita, “muheshimu mama yako. Na weye yaya, muheshimu saa.”

Ningeweza kufuta. Nilikuwa na nguvu kuliko yeye na nilikuwa na hakika. Lakini nilijua angekaa ndani ya gari lililofutwa, tungefika, na asingeshuka. Angebaki kwenye kiti cha ngozi mlangoni kwa dada yake, akiamini amekuja bila ruhusa. Basi nikamnyooshea kitambaa.

“Mama, sitafuta. Ukisema turudi, nitarudi sasa hivi. Lakini gusa mwenyewe kwanza.”

Hakuchukua kitambaa. Alikandamiza kidole kwenye ule udongo, akakitazama, akakinusa. Alibaki hivyo, magari yakipita, vumbi likitua juu ya kilemba chake. Kisha akafungua kikwembe cha juu, kile kipya alichokivaa kwa ajili ya kilio, akashika pembe yake na kuanza kufuta taratibu, kuzunguka, kama anavyofuta pua ya mtoto. Alifuta mpaka nembo ikatoka. Pembe ya kikwembe ikawa nyekundu na nzito. Aliikunja ndani ya kiganja, akafunga ngumi.

“Endesha,” akasema.

Niliendesha. Kila kilima nilingoja lile neno. Mabega yalikuwa yanauma, na mjomba alishika mpini wa juu ya mlango. Mwanamke wa Kijapani hakulisema tena.

Kasomeno watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Wimbo ulikuwa umeanza, ule wa kunyanyulia sanduku. Mjomba alishuka gari likiwa bado linatembea.

“Mungoje! Mungoje, mudogo wake njo huyu!”

“Tumekwisha funika,” mtu akajibu kutoka ndani. “Mulilala wapi, batu ba muji?”

“Mufunue!”

Ilizuka kelele, mchungaji akisema saa imepita, wanawake wakimzomea. Mwishoni wakatoa misumari miwili iliyokuwa imeingia, nami nikasikia mbao zikilia. Wakampisha mama.

Hakulia hata pale. Aliinama, akaufungua mkono wake, na kwa ile pembe ya kikwembe akampaka dada yake kwenye paji la uso, mafuta na udongo wa njia nzima. Shangazi aliyekuwa anatupigia simu alishtuka. Walikuwa wamemwosha vizuri, wamempaka poda.

“Mama weh, unamuchafua. Hii mafuta ni ya nini?”

“Ni ya safari,” mama akasema. “Miye nilishafika.”