Banda la Kenge Lisilo na Udongo

Mwanangu, siku ambayo bibi yako alimfokea marehemu baba yako mbele ya wenzetu naikumbuka mpaka leo. Tulikuwa Busunzu, vijana wa kufyatua matofali. Tulikuwa tunabomoa kichuguu tupate udongo, jembe likafumua kiota cha kenge. Humo mlikuwa na vitoto viwili vilivyokwisha kuanguliwa, vyembamba, vyenye madoa ya manjano. Wenzetu walitaka kuvipiga. Baba yako akavikinga kwa mikono, kimoja kikamng'ata kidole, naye akacheka.

Alivijengea banda la matofali ya kuchoma, na sakafu ya saruji aliyoisugua ikang'aa, na wavu wa chuma juu. Kila asubuhi alilifagia. Wapita njia walimtania, "Yoramu, kenge anafuga kenge," naye akawajibu kwamba hata mwenyekiti wa kijiji hana sakafu kama ile.

Wale wanyama walikwaruza saruji mchana kutwa. Walipochoka kukwaruza walisukuma pua kwenye wavu mpaka zikatoka damu. Baba yako alisema ni ukali wao wa asili. Mmoja alipokufa, mama yetu, huyo bibi yako, alikuwa ametuletea ugali wa muhogo. Akachungulia bandani, akaweka kapu chini.

"Mmewatoa kwenye udongo," alisema, "mkawapa nyumba isiyo na udongo hata wa kujaza kiganja. Huo si ukali, Yoramu. Huyu aliyebaki anatafuta pa kuingia. Wewe umejenga ili usifiwe."

Baba yako alichukua sururu akaivunja sakafu yake mwenyewe, watu wakitazama. Akashusha kuta chini zaidi ardhini ili mnyama asichimbe akatoroka, akajaza udongo uliochanganywa na mchanga mpaka magotini. Akaweka jiwe bapa upande wa jua, chungu kilichovunjika upande wa kivuli, na beseni la maji ambamo kenge angeweza kuzama mwili mzima. Jioni ile ile aliyebaki alichimba, akapotea ardhini, na mkwaruzo ukakoma. Alipokua na banda kumbana, tulimrudisha mtoni.

Naandika haya kwa hasira, sitaificha. Msibani watu walisema baba yako alizaliwa akiwajua wanyama. Nilinyamaza kwa sababu ya jeneza. Hakuzaliwa akijua. Alijua baada ya kuua mmoja, na aibu yake ilimkaa. Wiki iliyopita, hata matanga hayajaisha vizuri, niliingia dukani kwako Kasulu nikakuta vitoto vya kenge kwenye sanduku la vioo, chini marumaru nyeupe, juu taa za rangi, na wateja wanagonga kioo ili wapate picha. Nilikuonyesha pua ya mmoja ilivyochubuka. Ukanijibu, "Ba'mkubwa, hao ni kenge tu."

Nilitoka bila kugusa soda yako. Ningekaa, ningekupiga kofi.

Kenge tu. Nani alikuomba uwafuge? Hukuitwa nao. Umewafuata mwenyewe, basi shida yao ni yako. Kama huna kibali cha kufuga mnyama wa porini, nenda ofisi ya wanyamapori ukaulize kabla ya jambo lingine, na wakisema warudi, warudi. Wakikuruhusu, hilo sanduku livunje. Jua likiingia kwenye kioo linawachemsha, na pa kukimbilia hawana. Wape udongo mwingi kuliko unavyodhani unatosha, jua na kivuli wachague wenyewe, na mahali ambapo hata wewe mwenye banda huwezi kuwaona. Hapo ndipo utakapokasirika, kwa sababu mteja atakuja na hataona kitu. Ukikasirika, ujue ulikuwa unajenga kwa ajili ya mteja.

Mwanangu, sina baba yako tena wa kumwambia akuonye, ndiyo maana nakuonya mimi. Mungu akupe mikono ya kujenga, na akupe moyo wa kuvunja ulichojenga vibaya kabla hakijaua.