Baba: Hayupo

Mama Sindano, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya posta, hakuwa mtu wa makaratasi. Lakini mama yake, bibi wa miaka themanini na mbili, alikuwa na cheti cha ubatizo kilichomkaa rohoni tangu usichana: "Baba: hayupo." Wazazi walikufa yeye akiwa mchanga, na mama mkubwa aliyemlea, akiulizwa habari za baba, alibana midomo tu. Basi maskini ya Mungu akazeeka akiamini baba yake alimkana.

"Mwanangu, nisije nikafa sijamjua," alimwambia bintiye.

Tangu hapo, kila Jumatano Mama Sindano alifunga cherehani akaenda chumba cha kumbukumbu, futi ikining'inia shingoni kwa kusahau. Mzee mtunza vitabu alimpenda bure, kwa jinsi alivyogeuza kurasa kama anayekunjua hariri ya mteja.

Wiki ya tano, kitabu cha sensa kikamtolea jina la bibi yake mzaa mama. Kando yake, mtoto wa kike, wiki tatu. Na juu yao: "Mkuu wa kaya, baba wa mtoto: yupo. Kazi: fundi bati, anaezeka kanisa."

"Yupo!" Mama Sindano alipiga ukelele, mzee wa watu akadondosha miwani.

Hakungoja kesho. Alikwenda moja kwa moja parokiani kuomba rejista yenyewe, maana cheti ni nakala tu. Karani wa zamani, kwa mwandiko wa hasira, alikuwa ameandika: "Baba hayupo kwenye ibada. Yuko juu ya paa anagonga misumari. Ameombwa ashuke, anasema mvua haitamsubiri."

Aliyenakili cheti aliona uvivu, akaishia neno la pili. Mtu huyo, popote alipo, ana kesi na mimi ninayesimulia.

Jioni hiyo Mama Sindano alimsomea mama yake mara tatu, polepole. Bibi alicheka mpaka akapaliwa.

"Miaka yote namuuliza Mungu baba yangu alikuwa wapi siku ile, kumbe alikuwa anamzibia paa!"

Kisha machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. Alikuwa na furaha ambayo bintiye hakuwahi kuiona usoni pale.

"Lile paa bado lipo?"

"Lipo, mama. Limeshika kutu, lakini halivuji."

"Basi nitafutie viatu."