Soksi Tatu za Nives

Nives aliolewa kwenye vilima vya mizabibu vya Collio akiwa na miaka ishirini na miwili, akitokea Grado, kisiwa cha wavuvi, na tangu siku ya harusi hadi leo kichwa kimejaa mvi, ukoo wa mumewe haujaacha kumtania kwamba ananuka samaki. Amepogoa mizabibu miaka thelathini na minane. Amefunga matawi, amevuna, ameingia kwenye matangi ya mvinyo mzima mzima kuyasugua. Lakini ikija zamu ya kuamua mvinyo uweje, jibu ni lile lile: "Wewe mtu wa bahari, shemeji. Hayo tuachie sisi."

Mvinyo wenyewe ni mweupe, wa kuchanganya. Kila Februari wanakutana ndugu watatu: Dorino, kaka mkubwa, Ermes, mume wa Nives, na dada yao Armida, mwenye duka la dawa mjini. Kila mmoja huchota matangini aina hii kidogo na ile zaidi, akachanganya anavyojua yeye, akaleta chupa yake. Chupa zinavikwa soksi ili mwenyewe asijulikane, wanaonja, wanapiga kura, na mchanganyiko ulioshinda ndio mvinyo wa nyumba mwaka ule. Kuvika soksi na kuzipa namba ni kazi ya Nives, kwa kuwa ndiye pekee asiye na kura. Nani angemshuku?

Mwaka huu Dorino alikuja na lake. Alitaka kung'oa safu kumi na moja za malvasia nyuma ya nyumba, mizabibu mikongwe iliyojikunja, apande aina ambayo wateja wake wa Ujerumani wanaiulizia. "Malvasia inanuka droo ya bibi kizee," alisema. Ermes aliitikia, kwa kuwa Ermes huitikia kila kitu. Armida alikuwa na haraka ya kurudi dukani. Basi jirani yao Bepi akaagizwa alete katapila lake Jumatatu.

Safu zile zilipandwa na marehemu mama mkwe, Gisela, mtu pekee katika nyumba ile aliyemshika Nives mkono na kumwonyesha tawi lipi likatwe na lipi liachwe. Nives aliipenda mizabibu ile mapenzi ya kweli, na hakutaka kuiona imelala mizizi juu. Kulia hakulia. Siku ya Alhamisi alichukua jagi la kupimia maziwa, akashuka kwenye matangi.

Jumapili mchana chupa tatu zilikuwa mezani na soksi zake, katikati ya ugali wa manjano na sungura wa mchuzi. Nives alipakua, wao wakaonja.

"Namba moja," Dorino alisema, akiuzungusha mvinyo mdomoni. "Maji ya kuoshea vyombo. Ermes, hii yako."

"Yangu? Thubutu! Yangu ni tatu, kaka. Hiyo moja ya Armida, inanuka dawa ya kikohozi."

"Kikohozi mnacho nyie na sigara zenu," Armida alijibu. "Mimi ni mbili. Onjeni mbili, mjue mtu aliyesoma anachanganyaje."

Dorino alionja mbili, akafumba macho. "Hii sawa. Ina mwili, ina harufu. Lakini ni yangu, mdogo wangu, wala usijisumbue."

"Yako kwa ushahidi gani?"

"Wa ulimi huu!"

Nives aliuma shavu kwa ndani asicheke.

"Wifi, na wewe si useme neno?" Armida alimgeukia.

"Mtu wa bahari najua nini mimi? Kuleni, sungura anapoa."

Wakapiga kura, zote tatu zikaenda kwa namba mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea. Dorino aligonga meza. "Huu ndio mvinyo wa nyumba hii! Asiyeutaka atoke!"

"Umesema, shemeji?"

"Nimesema! Mbele ya picha ya mama pale ukutani!"

Nives aliweka upawa chini, akazivua chupa soksi, moja baada ya nyingine. "Basi moja, mbili, tatu ni mvinyo mmoja. Nimeuchanganya mimi. Na robo yake ni malvasia ya mama."

Ermes aliyatazama maji ya kuoshea vyombo kwenye glasi yake. "Na wetu uko wapi?"

"Mmeula. Mlidhani sungura nimempika na nini?"

Armida ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi akashika meza. Dorino alikuwa mwekundu hadi shingoni.

"Shemeji, umetuchezea."

"Nimewachezea. Haya, zing'oe safu za mama, halafu mwakani mvinyo wa nyumba hii utautoa wapi?"

Dorino alimaliza kipande chake cha sungura, akafuta sahani kwa mkate, kisha akajimiminia namba moja, ile ile aliyoitukana, akainywa yote taratibu. Halafu akainuka kwenda kwenye simu.

"Bepi? Dorino hapa. Sikia, lile katapila la kesho, acha kwanza." Alisikiliza kwa muda mrefu. "Lini? Alhamisi?"

Aligeuka, simu bado sikioni. "Anasema shemeji yangu alishampigia. Kamwambia nimebadili mawazo."

"Kwani hujabadili?" Nives alisema, akamwongezea paja la sungura kwenye sahani.