Mayai Kumi na Tano ya Mama Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Kalembe, niliosha mayai. Nilikuwa nimesoma peke yangu vitabu viwili vya ufugaji, na usafi ndio niliouelewa vizuri zaidi.

Mkuu wangu, afisa wa ufugaji tuliyemwita Papa Monita, alikuwa amenituma nimtangulie kwa Mama Furaha. Ugonjwa ulikuwa umemaliza kuku wake wote isipokuwa jogoo na majike wawili: mmoja alikuwa akiatamia kwa siku ya nane, mwingine bado alitaga. Kama mayai yale yangeharibika, boma lake lingebaki tupu. Kuku alipotoka kunywa maji, nikaona mayai yamechafuka makaa. Nikayafuta yote kwa kitambaa chenye maji.

Mama Furaha aliingia akaketi chini.

"Kaka, ile makala njo ilikuwa kitabu yangu," alisema.

Alikuwa ametia alama za makaa mayai kumi na mawili siku ya kuyalalisha. Kikapuni sasa yalikuwa kumi na tano, kwa kuwa yule jike mwingine alikuwa akiingia kutaga humo humo. Hakuna aliyejua tena lipi la kuatamiwa na lipi la kula. Tena, kuosha huondoa utando mwembamba unaozuia uchafu kupenya ganda.

Papa Monita alipofika na kuelezwa, aliniuliza kama vifaranga waliomo nimewakata na kucha.

Kisha akafunga mlango wa jikoni, akaziba dirisha kwa blanketi, akazungushia tochi karatasi ngumu ili mwanga utokee tundu dogo. Huku ndiko kumulika mayai. Unashika yai kwa vidole vitatu, upande mnene ukigusa mwanga, unalizungusha polepole bila kulitikisa. Yai lenye uhai lina nyuzi nyekundu kama mizizi. Lisilo na kitu hung'aa lote. Unafanya upesi, yasipoe.

Kumi yalikuwa na nyuzi. Manne yaling'aa, tukayaweka kando yaliwe. La mwisho lilikuwa na kivuli tu. Nikasema litupwe.

"Yenye haujue, rudisha," alisema Papa Monita. "Utaiangalia tena nyuma ya siku sita. Wewe, si mimi."

Nikalitia alama ya makaa, naye akamwandalia yule mtagaji kikapu chake. Siku sita baadaye yai lile lilikuwa limejaa giza, na giza lilicheza. Katika kumi na moja, moja lilikufa ndani. Vifaranga kumi walitoka.

Nilihamishiwa Ntoto, kisha Buleusa, chini ya wakuu wengine wawili. Mwaka huu macho yaliyofifia yamenifanya niache kazi mapema. Nikirudi nyumbani nilipitia kwa Mama Furaha, ambaye sasa ana wajukuu. Alinikaribisha kwenye kiti kirefu cha kukaa watu kadhaa, nami nikakaa ukingoni tu. Katikati palikuwa na kuku anayetaga, pembeni yake wengine wawili wakingoja zamu, na Mama Furaha hakutaka wasumbuliwe.